Nyumba za Muda Zisizohama

Mji wa Lodwar hauna jengo la ghorofa la zama za kale. Anayetaka kuonyeshwa nyumba ya mwanzoni mwa karne ya ishirini, yenye roshani na ngazi zilizolika kwa nyayo za vizazi vya wapangaji, na aende mtaa wa Biashara kule Nairobi, uliokuwa ukiitwa Bazaar, ama ateremke hadi Mji wa Kale wa Mombasa. Miaka ambayo wafanyabiashara wa Nairobi walikuwa wakipandisha kuta zao, Turkana ilikuwa ingali ikipigana na serikali ya Kiingereza. Msafara wa kijeshi ulioitwa Labur Patrol ulipita nchini humu mwaka 1918, ukawapokonya watu mifugo yao. Utawala wa kiraia ulikuja mwaka 1926. Ama kuhusu mji wenyewe, husimuliwa kwamba ulianza kama kituo cha biashara mwaka 1933, pale mfanyabiashara aliyeitwa Shah Mohamed alipotua ukingoni mwa mto Turkwel.

Kwa sababu hiyo nimewasikia walimu wenzangu wa somo la historia wakilalamika kwamba huku hakuna cha kuwaonyesha wanafunzi. Vitabu vya shule vina picha za Gedi na Ngome ya Yesu; Lodwar ina nini? Mchanga, mikoma na mabati! Mimi naona lalamiko hilo halina msingi. Lodwar na Kakuma zina nyumba zinazosema mengi kuliko ghorofa nyingi za Nairobi, mradi tu mtu ajue la kuziuliza. Nazo zinasema jambo moja ambalo sijaliona katika kitabu chochote cha shule: kwamba katika nchi hii ya Turkana, nyumba haikupimwa kwa muda ambao mtu angeishi ndani yake. Ilipimwa kwa muda ambao mtu mwingine, aliyeketi mbali, alitaka aishi humo.

Na tuanze na nyumba iliyo mashuhuri kupita zote mjini Lodwar. Ni nyumba ndogo isiyo na ghorofa, na mpita njia asiyeambiwa habari zake hawezi kuitazama mara mbili. Humo ndimo alimokaa Mzee Jomo Kenyatta kuanzia Aprili 1959 hadi Aprili 1961.

Mwanafunzi yeyote wa darasa la nane la zamani aliweza kukariri yaliyotangulia. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na usiku huo huo viongozi wakakamatwa. Kesi ikasikilizwa Kapenguria mbele ya hakimu Ransley Thacker, naye mnamo 8 Aprili 1953 akawapa Kenyatta na wenzake kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Walipelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Turkana. Wanafunzi wengi hukoma hapo, kisha huruka moja kwa moja hadi uhuru wa 1963, kana kwamba hapo katikati hapakutokea neno. La hasha! Mwaka 1959 Kenyatta alikuwa amemaliza kifungo chake kwa mujibu wa sheria ile ile iliyomfunga. Hata hivyo hakurudi kwao. Alihamishwa kutoka gereza la Lokitaung hadi nyumba ya Lodwar, akaambiwa kwamba si mfungwa tena, bali hana ruhusa ya kuondoka. Mkewe, Mama Ngina, aliruhusiwa kuja kukaa naye.

Nataka msomaji alitafakari jambo hili kwa utulivu. Nyumba ile haikuwa gereza. Kilichoifanya kuwa kizuizi hakikuwa ukuta wake. Kwanza ni jangwa: maili na maili za jua na mawe kuelekea kila upande. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, ni karatasi. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Sheria ya Wilaya za Pembeni ya mwaka 1926 ilimkataza mtu kuingia katika maeneo kama haya bila kibali, na sheria nyingine ya mwaka 1934 ikaongezea maafisa uwezo wa kuwazuia wenyeji wasitembee watakavyo. Kwa maneno mengine, serikali haikuhitaji kujenga gereza jipya kwa ajili ya Kenyatta. Wilaya nzima ilikuwa imekwisha kufanywa gereza zaidi ya miaka 30 kabla yake, na Waturkana ndio waliokuwa wafungwa wa kwanza. Hili walimu hatulisemi. Tunamfundisha mtoto wa Kiturkana kuwa baba wa taifa aliteswa kwa kuletwa Lodwar, wala hatumwambii kuwa babu yake yeye aliishi chini ya sheria hiyo hiyo, katika nchi aliyozaliwa.

Nyumba hiyo ndogo ilikuja kuwa na uzito wa ajabu. Chama cha KANU kilipoundwa mwaka 1960 kilimchagua rais aliyekuwa kizuizini. Serikali ikakataa, na James Gichuru akashika kiti kwa niaba yake. Mwezi wa Mei mwaka huo gavana Patrick Renison akamtaja Kenyatta kuwa kiongozi wa kuwapeleka watu gizani na mautini. Uchaguzi ukafanywa Februari 1961, KANU ikapata viti 19 na KADU 11, kisha KANU ikakataa kuunda serikali hadi Kenyatta aachiliwe. Machi 1961 viongozi wa vyama vyote viwili walisafiri hadi Lodwar kuonana naye. Fikiria hayo! Wanasiasa waliotoka kushinda uchaguzi wanaiacha Nairobi na kwenda kutaka shauri katika nyumba ya wilaya iliyofungwa, kwa mtu ambaye hakuruhusiwa kupiga kura. Mwezi uliofuata akahamishwa hadi Maralal, na Agosti 1961 akafika Gatundu.

Nyumba ingali imesimama. Sheria nayo ilisimama kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Mzee alitawala hadi alipofariki mwaka 1978, na ile Sheria ya Wilaya za Pembeni ikabaki katika vitabu vya serikali yake na ya aliyemfuata. Haikufutwa hadi mwaka 1997, wakati wa mageuzi yaliyotangulia uchaguzi wa mwaka huo. Ndiyo maana mpaka leo msafiri akipanda basi Lodwar kwenda Kitale huambiwa kwa mzaha, “Ukifika Kenya utusalimie.” Mzaha huo una mizizi ya kisheria.

Nikiiacha nyumba ya Mzee, yafaa niseme kidogo juu ya nyumba iliyokuwapo kabla yake, kwani bila hiyo hatutapima vyema zile zilizofuata. Mturkana anaiita akai. Hujengwa na wanawake. Matawi marefu huchimbiwa ardhini kwa duara, yakapindwa na kufungwa pamoja juu, kisha yakaezekwa majani ya mkoma tangu juu hadi chini. Mgeni huiona akai kuwa kibanda cha mtu asiye na uwezo wa kujenga nyumba. Na aingie ndani saa nane mchana, wakati joto la Lodwar limepita nyuzi 35, kisha aingie katika chumba cha mabati kilicho jirani. Majani yale hupitisha upepo na kuzuia jua. Bati hufanya kinyume chake kwa yote mawili. Tena akai haikai peke yake. Boma la Kiturkana, yaani awi, huwa na akai ya kila mke, mahali pa mifugo, na uzio wa miiba unaozunguka jamii nzima. Watu wengi, milango mingi, ua mmoja. Ikiwa kuna aliyenuia kutafuta jengo la kale la wapangaji wengi katika nchi ya Turkana, basi hilo ndilo la karibu kabisa, ila humo hakuna anayelipa kodi.

Akai ni nyumba ya muda, na haioni haya kuwa hivyo. Malisho yakiisha, ngozi na vibuyu hupakiwa juu ya punda, na jamii ikahama. Umuda wake umeamuliwa na mwenye nyumba mwenyewe. Naomba msomaji aishike tofauti hiyo, maana tutaihitaji tukifika Kakuma.

Mjini Lodwar umbo la awi limegeuka sura. Tangu mafuta yagunduliwe Turkana mwaka 2012 na serikali ya kaunti kuanzishwa mwaka uliofuata, mji umetanuka kwa kasi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 82,970 mjini humu. Nenda Kanamkemer, Nakwamekwi au Napetet utaona kile tukiitacho ploti: safu mbili za vyumba zikitazamana, ua wa mchanga katikati, bomba moja, choo kimoja, na kamba za kuanikia nguo. Mwalimu wa shule ya msingi yumo chumba cha tatu, karani wa kaunti cha nne, muuza samaki kutoka Kalokol cha tano. Ukichungulia kwenye ua wa nyuma wa ploti kadhaa utaikuta akai moja imechomekwa pembeni, kwa ajili ya nyanya aliyeletwa kutoka mashambani akakataa katakata kulala chini ya mabati. Mimi ninaamini kwamba bibi huyo anajua ujenzi kuliko wakandarasi wetu wengi.

Sasa twende Kakuma, mwendo wa kilomita mia moja na ushei kutoka Lodwar kwa barabara iendayo Lokichoggio. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa huko mwaka 1992. Waliotangulia walikuwa maelfu ya vijana wa Sudan waliokuwa wamekimbilia Ethiopia, wakafukuzwa tena huko baada ya serikali ya Mengistu kuanguka mwaka 1991, wakatembea kwa miguu hadi mpaka wa Kenya. Wakafuata Waethiopia na Wasomali, halafu Wakongo, Warundi na wengineo. Kambi iliitwa ya muda. Hema lilikuwa la muda, turubai lilikuwa la muda, na hata turubai lilipochanika na mahali pake pakainuliwa kuta za matofali ya udongo na paa la mabati, neno lilibaki lile lile: makao ya muda.

Mtu aliyezaliwa katika makao hayo mwaka 1993 amepita sasa umri wa miaka 30. Huenda ana watoto wanaosoma shule aliyosoma yeye, ndani ya kambi ile ile. Nyumba yao imejengwa upya mara kadhaa, kwa sababu udongo hauhimili mafuriko ya mto Tarach, ambao mwaka mzima ni mchanga mtupu na siku moja huja kama ukuta wa maji. Kila baada ya mafuriko hujengwa nyumba nyingine ya udongo, mahali pale pale. Vita vilipozuka upya Sudan Kusini Desemba 2013, makumi ya maelfu ya watu wengine waliingia, kambi ikajaa pomoni. Leo Kakuma na makazi ya jirani ya Kalobeyei yana zaidi ya watu laki mbili na nusu, yaani umati unaoishinda Lodwar yenyewe mara tatu. Ukiyaita makazi hayo ya muda, itakubidi uliite hivyo na taifa la Kenya, ambalo lina umri wa miaka sitini na ushei tu.

Naijua hoja ya upande wa pili, nami siidharau. Kenya haikuwaalika watu hawa. Walikuja wakikimbia mauti, na nchi ikawafungulia mlango wakati nchi tajiri kuliko yetu zilikuwa zikiufunga. Jambo hilo ni la sifa. Wala simlinganishi mkimbizi na Mzee Kenyatta: mmoja aliletwa Turkana ili aadhibiwe, mwingine aliingia ili aokoke. Lakini angalia jinsi nyumba zao zilivyofanana katika jambo moja. Mkimbizi wa Kakuma hana ukuta wa kumzuia asiende Kitale. Kinachomzuia ni karatasi. Asipokuwa na kibali cha kusafiri, askari wa kizuizi cha barabarani atamteremsha garini. Ni ardhi ile ile, na maarifa yale yale ya mwaka 1926: wale ambao Nairobi haijaamua iwafanyeje huwekwa Turkana, kisha hupewa nyumba na kunyimwa njia.

Wenyeji nao wana lao la kusema, na lazima lisikizwe. Mturkana wa Kakuma ameona malori ya chakula yakipita mlangoni pake kwa miaka yote hiyo kuwaendea wengine. Ameona shule, visima na zahanati vikijengwa upande wa pili wa barabara, huku mwanawe akiishi kwa kuuza kuni na makaa kwa wakimbizi. Kalobeyei ilipoanzishwa mwaka 2016, nia iliyotajwa ilikuwa kuondoa kasoro hiyo: mkimbizi na mwenyeji watumie shule moja, hospitali moja, soko moja. Baadaye familia zikaanza kupewa fedha ili zijijengee zenyewe nyumba za kudumu. Hata mbunifu wa majengo kutoka Japani, Shigeru Ban, aliyepata tuzo ya Pritzker mwaka 2014, alishirikiana na shirika la UN-Habitat kubuni nyumba za mfano za huko. Nimefurahi kusikia kwamba alitazama kwanza jinsi Waturkana wanavyojenga. Miaka mingi ya hema na bati ilipita kabla ya mtu yeyote kumuuliza mama wa akai anafanyaje.

Kuna watakaosema kwamba kambi haiwezi kuwa mji. Hao nawarudisha kwenye historia yetu ya Afrika Mashariki, na hapa natamani kila mwalimu wa Kiswahili anisikilize, kwa kuwa ushahidi umo ndani ya lugha. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliwachukua Waafrika mamia ya maelfu kuwa wapagazi wa jeshi, katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Makumi ya maelfu ya watu hao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Walipowekwa kambini, wenyeji walilitamka jina la kikosi kwa ndimi zao. Kambi ya Dar es Salaam ikawa Kariakoo. Ile ya Nairobi ikawa Kariokor. Zote mbili zilikuwa kambi za muda. Vita vilikwisha mwaka 1918, wapagazi waliosalimika wakatawanyika, lakini mahali hapakutawanyika. Kariakoo ikajaa nyumba za Kiswahili, zile zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku na uani kwa nyuma, kila chumba na mpangaji wake; leo ndiyo soko kuu la jiji na pango la chumba kimoja cha duka lingemtisha mfalme. Kariokor nayo, halmashauri ya Nairobi ilijenga nyumba za kupanga za wafanyakazi waseja mwaka 1929. Hakuna anayenunua viatu Kariokor leo akawaza kwamba amesimama juu ya kambi.

Kakuma imekwisha kushika njia hiyo, tutake tusitake. Uchunguzi wa shirika la IFC uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta zaidi ya maduka na biashara 2,000 katika kambi, na uchumi wa takriban shilingi bilioni 6 kwa mwaka. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 ililegeza masharti kadhaa ya kazi na makazi. Mwaka 2023 Kakuma ikapewa hadhi ya manispaa, na Machi 2025 serikali ikazindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi ziwe makazi ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji. Hayo ni maneno mazuri. Hata hivyo manispaa ni mipaka, taka, maji, kodi, na zaidi ya yote ni ardhi. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa hushikwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wananchi. Maana yake ni kwamba Mturkana wa Kakuma, ambaye ardhi ni ya babu zake, mara nyingi hana hati mkononi; na mkimbizi, aliyejenga nyumba yake mara tano mahali pamoja, naye hana. Wote wawili wanaishi juu ya ahadi.

Huo ndio uwanja wa somo ambao walimu wa Lodwar na Kakuma wanao, na ambao mwalimu wa Nairobi hana. Mwanafunzi wa kidato cha pili atumwe nyumbani na maswali machache. Nani aliyeijenga nyumba unayolala? Kwa nini alichagua udongo, au bati, au mkoma? Ilianguka lini, na nani aliyeiinua tena? Yupo mtu aliyewahi kukataza isijengwe kwa saruji, na karatasi aliyoishika ilisemaje? Wazee waliokuwa vijana Lodwar mwaka 1959, walioweza kusimulia jinsi walivyomwona Mzee na jinsi wao wenyewe walivyoomba kibali ili waende Kitale, wamebaki wachache sana. Kule Kakuma, waliotembea kutoka Ethiopia wakiwa watoto sasa wana mvi. Madaftari ya shule yanatosha kuyahifadhi maneno yao, na hakuna haja ya kungoja bajeti ya jumba la makumbusho. Kapenguria ilipata la kwake mwaka 1993, ndani ya gereza lile lile. Muhula wa pili ukifunguliwa, Lodwar inaweza kuanza na daftari la kurasa 96 na penseli.